Si mkongo wa baharini: Hesabu ya mwanga ndiyo inayoamua intaneti ya Mbagala na Bunju

JUMAPILI ya Mei 12, 2024, intaneti ilizorota nchini kote kwa wakati mmoja. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikuwa imekatika kati ya Mtunzini, Afrika Kusini, na Maputo, Msumbiji, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Siku zile hapakuwa na haja ya maelezo marefu. Aliyeshindwa kutuma barua pepe akiwa Posta na aliyeshindwa kutuma akiwa Chamazi walikuwa na ugonjwa mmoja.

Tangu hapo, "mkongo umekatika" limekuwa jibu la kila swali. Mwenye steshenari Mbande anayewajazia vijana maombi ya mikopo ya elimu ya juu akikwama siku mbili kabla ya dirisha kufungwa, anaambiwa mkongo umekatika. Mfugaji wa kuku wa Bunju anayeangalia banda lake kwa kamera akiwa mjini naye akikosa picha, ni mkongo. Ajabu ni kwamba mara nyingi jirani wa mtaa wa pili anaendelea na kazi zake kama kawaida. Bahari haichagui mitaa. Tatizo likiwa chini ya maji, linawakuta wote.

Mteja wa faiba hahitaji kuwa fundi ili kulitambua hilo. Modemu nyingi zina taa ndogo iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, maana yake ni kwamba mwanga kutoka kwenye mtambo wa kampuni haufiki, au unafika umefifia kiasi cha kutosomeka. Taa hiyo haijui habari za Maputo. Inaeleza kilichotokea kati ya mtambo ulioko kilomita chache na ukuta wa duka. Ikiwa taa hiyo imezimika na bado intaneti haipatikani, hapo ndipo mtu anaweza kuanza kutazama mbali zaidi.

Katika kilomita hizo chache kuna hesabu ambayo haitangazwi kwenye mabango ya kasi na bei. Wahandisi huiita bajeti ya mwanga. Ni hesabu ya kujumlisha na kutoa tu, ambayo mwanafunzi wa darasa la saba anaimudu, lakini ndiyo inayoamua kama mteja wa mwisho wa mtaa atapata alicholipia au atabaki kupiga simu huduma kwa wateja.

Umuhimu wake umeongezeka kadiri jiji lilivyotanuka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam, na ile ya mwaka 2022 ikakuta 5,383,728. Wengi wa walioongezeka hawakuhamia Upanga wala Oysterbay. Walikwenda kujenga Mabwepande, Bunju, Wazo, Chamazi na Toangoma, ambako nyumba hutangulia na barabara hufuata. Wakati huohuo njia kuu za mawasiliano zilikwishafika jijini: SEACOM iliwashwa Julai 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa, unaoendeshwa na TTCL, ulianza kujengwa mwaka 2009 ukitumia pia nyuzi zilizokuwapo za mashirika kama TANESCO na TAZARA. Kwa hiyo intaneti ya kutosha ipo mjini. Shughuli ni kuifikisha Mbagala Rangi Tatu na kwingineko, nyumba kwa nyumba, ikiwa bado na nguvu.

Mafundi hupima mwanga kwa desibeli. Kipimo hicho kina tabia moja ya kukumbuka: ukipoteza desibeli 3 umebakiwa na nusu ya mwanga, ukipoteza 10 umebakiwa na sehemu moja ya kumi, na ukipoteza 20 umebakiwa na sehemu moja ya mia. Uzuri wake ni kwamba upotevu wa kila mahali hujumlishwa tu kama bei za bidhaa kwenye risiti.

Mfumo unaotumika sana duniani kupeleka faiba majumbani, na ambao mafundi wa hapa nao wanaufahamu kwa jina la GPON, una kanuni zilizowekwa na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU. Kwa vifaa vya daraja la kawaida, liitwalo B+, upotevu wote kati ya mtambo na modemu usizidi desibeli 28. Modemu ya daraja hilo inaweza kusoma mwanga hadi wa hasi 27, yaani takriban sehemu moja ya mia tano ya miliwati moja. Mwanga ukipungua chini ya hapo, makosa huongezeka na hatimaye taa nyekundu huwaka.

Desibeli 28 ndizo mtaji. Swali ni zinatumikaje.

Watu wengi hudhani adui ni umbali, na kwamba Bunju wanapata shida kwa sababu ni mbali. Kioo kina historia inayokanusha dhana hiyo. Mwaka 1966 Charles Kao na mwenzake George Hockham, wakifanya kazi Uingereza, walieleza kwamba kioo kikisafishwa hadi kipoteze desibeli 20 tu kwa kilomita, kingefaa kubeba mawasiliano. Wakati huo hilo lilionekana kama ndoto. Mwaka 1970 kampuni ya Corning ya Marekani ikafikia desibeli 17. Kao alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009, mwaka uleule ambao SEACOM iliwashwa Dar es Salaam. Leo uzi wa kawaida unaofukiwa kandokando ya barabara zetu hupoteza takriban desibeli 0.35 kwa kilomita kwa mwanga wa nanomita 1310, na karibu 0.2 kwa ule wa nanomita 1550. Kilomita nzima ya kioo siku hizi inakula kidogo kuliko konekta moja iliyochomekwa vibaya.

Kinachokula bajeti ni kitu kingine kabisa, nacho ni kigawanyaji, ambacho mafundi hukiita spilita. Ni kijiboksi kisichotumia umeme, kinachopokea uzi mmoja na kuugawa mwanga wake kwenye nyuzi nyingi. Ndicho kinachoifanya faiba ya majumbani iwe biashara inayowezekana, kwa kuwa tundu moja la mtambo, au poti, linahudumia wateja 32 au hata 64 badala ya mmoja. Lakini hakigawi bure. Spilita ya matawi manne hupoteza karibu desibeli 7.3, ya manane 10.5, ya kumi na sita 13.8.

Ni kama bomba la maji la mtaa. Kila anayetoboa kuunganisha tawi lake anapunguza msukumo kwa walio mbele, na nyumba ya mwisho ndiyo inayobaki na ndoo. Tofauti ni kwamba mwenye nyumba ya mwisho anaweza kuweka simtanki akasubiri maji ya usiku. Mwanga hauwekwi kwenye simtanki.

Chukua mfano wa njia inayotoka kwenye mtambo hadi kwa mteja aliye kilomita 9, umbali wa kawaida kwa mitaa ya pembezoni mwa Temeke au Kinondoni. Kwa mwanga wa nanomita 1310, kioo kitachukua desibeli 3.15. Maungio kumi ya kuyeyusha, kwa desibeli 0.1 kila moja, yatachukua 1. Konekta nne kwa 0.5 zitachukua 2. Spilita ya matawi manne ikifuatiwa na nyingine ya manane, ili kupata wateja 32, zitachukua 17.8. Jumla ni 23.95. Ukitoa kwenye 28, zinabaki desibeli 4.05. Kawaida ya wahandisi ni kuacha angalau 3 kama akiba ya uchakavu na matengenezo. Njia hiyo ni salama, na ina ziada ya desibeli moja hivi.

Sasa meneja wa biashara anaingia ofisini na kuuliza kwa nini poti moja isihudumie wateja 64. Swali lake lina mantiki, kwani gharama ya poti na ya uzi mkuu itagawanywa kwa watu wengi zaidi. Spilita ya pili inabadilishwa kutoka matawi manane kuwa kumi na sita. Upotevu unapanda kwa desibeli 3.3 na jumla inakuwa 27.25. Bado iko chini ya 28. Kwenye karatasi njia imefaulu, na siku ya uzinduzi kila modemu itawaka taa ya kijani.

Kilichobaki ni desibeli 0.75.

Kuanzia hapo kazi inakuwa ya barabara. Barabara ya Kilwa ilichimbuliwa kwa ajili ya awamu ya pili ya mabasi yaendayo haraka, inayofika Mbagala. Barabara ya Bagamoyo ilipanuliwa kati ya Mwenge na Tegeta muongo uliopita, kisha ikaja zamu ya mabasi yaendayo haraka huko nako. Ndani ya mitaa kulikuwa na mradi wa DMDP wa barabara na mifereji ya maji ya mvua katika Temeke, Kinondoni na Ilala. Yote ni maendeleo ambayo wakazi waliyalilia kwa miaka mingi, na hakuna anayetaka yasimame kwa sababu ya waya. Lakini kijiko cha kuchimbia hakijui kilichofukiwa. Kwenye nguzo nako kuna malori yanayopita na mizigo mirefu, matawi ya miembe, na wezi wanaokata waya wakidhani ndani mna shaba, wakakuta kioo ambacho hakiuziki popote.

Uzi ukikatwa kwa kijiko, aghalabu hauungwi pale pale ulipokatika. Kipande kilichoharibika huondolewa, kipya huwekwa, na maungio yanakuwa mawili. Kwa desibeli 0.1 kila moja, mkato mmoja umekula 0.2. Mikato mitatu ni 0.6, na hapo imechukuliwa kwamba fundi ana mashine nzuri ya kuyeyushia na amefanya kazi mchana, pakavu. Fundi akiunga kwa kibanio cha mkono badala ya kuyeyusha, ungio moja linaweza kula kati ya 0.2 na 0.5. Ongeza konekta moja iliyoingia vumbi, jambo la kawaida kwenye maboksi yanayoachwa wazi kando ya barabara ya vumbi, na desibeli nzima imekwenda.

Sasa rudi kwenye mahesabu mawili. Njia ya wateja 64 ilikuwa 27.25. Ukiongeza 0.6 ya mikato na 1 ya konekta chafu, inafika 28.85 na imevuka kikomo. Njia ya wateja 32, kwa misukosuko ileile, inafika 25.55 na bado ina desibeli 2.45 mkononi. Mvua ni ileile, na kijiko ni kilekile. Aliyefeli alifelishwa ofisini, miaka miwili kabla.

Watetezi wa wateja 64 wana hoja moja nzito, kwamba hesabu hizi hufanywa kwa kuchukua vifaa dhaifu kabisa vinavyoruhusiwa, wakati vingi vina nguvu zaidi ya hapo. Ni kweli, na ndiyo sababu njia iliyovuka kikomo haizimi wateja wote kwa mkupuo. Inamzima huyu, inamwacha yule. Mwenye modemu yenye nguvu anaendelea, jirani yake anakatika kila saa tisa alasiri jua linapokuwa kali na kurudi jioni. Kwa kampuni huo ni ugonjwa mbaya kuliko kukatika moja kwa moja, kwa sababu fundi akifika hakuna anachokikuta.

Kuna jambo jingine linalofichwa na wingi wa matawi. Spilita hugawa mwanga kwa idadi ya matawi yake, si kwa idadi ya wateja waliounganishwa. Mtaa mpya wa Mabwepande wenye wateja kumi na mmoja kwenye spilita za matawi 64 unapoteza mwanga uleule ambao ungepotea kama matawi yote yangekuwa na watu. Matundu matupu hayarudishi kitu. Katikati ya jiji, kwenye majengo ya ghorofa, 64 hujaa haraka na umbali ni mdogo, hivyo hesabu inakubali. Pembezoni, ambako viwanja vinajengwa kimoja kimoja kwa miaka kumi, ni kulipia hoteli nzima kwa ajili ya wageni watano. Kwa mitaa hii, kuanza na 32 ndiyo biashara yenye akili, hata kama jedwali la gharama linasema vingine.

Anayelazimika kufika 64 naye hakosi njia. Vipo vifaa vya daraja la C+, ambavyo bajeti yake ni desibeli 32. Kwa mfano uleule, njia ya 27.25 ingebaki na 4.75. Vinagharimu zaidi, lakini gharama hiyo hulipwa mara moja upande wa mtambo, wakati safari za fundi wa pikipiki kwenda Chamazi hulipwa kila wiki.

Hatari kubwa zaidi iko kwa wasambazaji wadogo, wale wanaonunua intaneti kwa jumla na kuivuta kwa nguzo mtaa hadi mtaa. Wengi wao ni vijana waliojifunza kazi kwa vitendo na wanafanya mengi kwa mtaji mdogo. Tatizo huanza pale mteja mpya anapojitokeza na hakuna tawi lililobaki. Fundi anachukua waya wa mteja wa zamani, anaweka spilita ya matawi mawili, na kila mmoja anapata lake. Tendo hilo la dakika ishirini linakula karibu desibeli 3.5. Kwenye njia yetu salama ya 23.95, pamoja na maungio mawili mapya, jumla inafika 27.65. Akiba yote imekwenda kwa mteja mmoja, na aliyelipa gharama hiyo ni yule wa zamani ambaye hakuulizwa.

Kosa la upande wa pili lipo pia, nalo ni mwanga kuzidi. Wenye maghala na viwanda vidogo wanaounganisha majengo mawili kwa uzi wao wenyewe huenda Kariakoo kutafuta moduli za kurushia mwanga, na muuzaji huwashauri wachukue ya kilomita 80 kwa kuwa "ndiyo kali". Moduli ya namna hiyo inaweza kutoa mwanga wa chanya 3, na upande wa kupokea hautakiwi kupokea zaidi ya hasi 3 hivi. Kwa umbali wa kilomita 5, kioo, konekta mbili na maungio matatu havipotezi zaidi ya desibeli 2.4. Mwanga utafika ukiwa chanya 0.6, mara mbili na zaidi ya kinachovumilika. Kipokezi kitapofuka au kitaungua, na mnunuzi atarudi dukani kudai ameuziwa feki. Ama anunue moduli ya umbali wake, ama aweke kipunguza mwanga cha desibeli 5 au 10. Hiyo nayo ni bajeti ya mwanga, ila imegeuzwa.

Ndani ya duka lenyewe kuna upotevu ambao mteja anaweza kuuzuia bila kuita mtu. Waya wa faiba ukikunjwa kona kali nyuma ya kabati, au ukibanwa na mlango, mwanga huvuja kwenye mkunjo. Mwanga wa nanomita 1490 unaoingia kwa mteja huathirika na mikunjo zaidi kuliko ule wa 1310 unaotoka, wakati kwenye urefu wa njia ni kinyume chake: unaotoka ndio unaochoka zaidi. Ndiyo maana modemu inaweza kuonyesha kwamba inapokea vizuri, kumbe mwanga wake unafika kwenye mtambo hoi.

Suala la kibiashara linalobaki ni nani abebe hasara. Mikataba ya intaneti ya mitaani hutaja kasi, bei na tarehe ya kulipa. Mwanga hautajwi. Mwenye steshenari akipoteza wateja wa siku tatu katika msimu wa maombi ya vyuo, hana karatasi inayoonyesha kwamba njia yake ilikuwa dhaifu tangu mwanzo, na kampuni nayo haina inayoonyesha kwamba ilikuwa nzima. Mabishano huishia kwenye maneno. Shule, zahanati na SACCOS zinazosaini mikataba ya mwaka mzima zingeweza kudai vitu viwili kabla ya kulipa: jedwali la bajeti ya mwanga kutoka kwenye mtambo hadi kwao, likiwa na akiba iliyobaki, na kipimo halisi kilichosomwa siku ya kufungiwa. Kipimo hicho hakina gharama ya ziada. Fundi yeyote wa faiba anatembea na mita, na modemu nyingi zenyewe huonyesha namba hiyo kwenye ukurasa wao wa mipangilio.

Kwa njia ya kilomita 9 yenye wateja 32, mtambo ukitoa chanya 3, mteja anatakiwa kusoma karibu na hasi 20. Namba ya siku ya kwanza ikiwa hasi 20 na ya leo ikiwa hasi 25, desibeli 5 zimepotelea mahali kati ya mtambo na duka. Zikipotelea kwenye waya wa kuingilia mtaani, fundi mwenye mashine ya kurusha mapigo ya mwanga, akipima kutokea upande wa mteja, anaweza kusema ni kwenye mita ya ngapi.